Waliowekwa Hawakupewa Patasi

Nyumba ya Maalim pale Matrah, jirani na Maskati, haikuwa na msumari hata mmoja ukutani. Niligundua siku ya kwanza nilipokwenda kwa sababu nilikuwa na koti mkononi. Niligeuka huku na huku natafuta pa kulitundika, mwisho nikalikunja na kulikalia. Kanzu zake zilikuwa juu ya sanduku, na kofia juu ya kanzu. Kalenda aliyopewa na Mhindi mmoja wa sokoni iliegemezwa ukutani chini kabisa, sakafuni, na aliyetaka kujua tarehe alilazimika kuchutama.

"Maalim, nikuletee misumari?" nilimuuliza baada ya kuzoeana. "Ofisini kwetu imejaa, tunaing'oa kwenye makasha."

"Ya nini?"

"Ya kutundikia vitu."

"Nyumba ya watu hii. Mtu hatoboi nyumba ya watu."

Mwenye nyumba mwenyewe, mzee wa Kibaluchi aliyekaa ghorofa ya chini, alishamwambia zaidi ya mara moja atoboe atakavyo. Maalim alimshukuru na hakutoboa. Miaka sita kalenda zilibadilika, lakini zote zilikaa sakafuni.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilifika Maskati mwaka wa sitini na nne, kama yeye, na kwa sababu ile ile iliyotutoa sote Unguja. Nilipata ukarani kwa wakala wa meli kwa kuwa nilijua Kiingereza cha sekondari na kupiga taipu. Kiarabu changu kilikuwa cha kuombea dua tu. Ubini wangu ulikuwa wa Kiomani na babu yangu alizaliwa Nizwa, lakini nilipofungua mdomo sokoni watu walicheka. Kwa hiyo kila siku baada ya sala ya alasiri nilikwenda kwa Maalim kujifunza lugha ya babu yangu, pamoja na watu wazima wengine watatu wanne wa aina yangu. Yeye alifundisha amesimama, mgongo ameuegemeza kwenye mwimo wa mlango. Sisi tulikaa kwenye mkeka. Ukimwambia, "Maalim, kaa basi," alijibu, "Nitakaa," na hakukaa.

Alikuwa mrefu, shingo imemwinama mbele kwa ajili ya macho mabovu. Mkono mmoja wa miwani yake ulikuwa umekatika akaufunga kwa uzi mweusi. Hatukupata kumwita kwa jina, na hata mkewe alimwita Maalim. Mkewe sisi tulimwita Bimkubwa, ingawa alikuwa bado mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu na mkono mzuri wa kupika.

*

Kilichomtofautisha Maalim na walimu wengine niliowajua ni kwamba alikuwa na kitenzi kimoja. Naandika hivyo kwa sababu hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe. Mwengine ana shamba, mwengine ana ng'ombe. Yeye alikuwa na kitenzi.

Zamani serikali ilimpeleka London kusomea ualimu. Jioni moja aliingia darasa lisilo lake ili akwepe baridi, akamkuta bibi mmoja profesa anaeleza maandishi ya Waluwi. Mimi sikuwa nimewasikia. Walikuwa watu wa kale sana, alinieleza, waliokaa nchi ambayo sasa ni Uturuki na kaskazini ya Sham, zaidi ya miaka elfu mbili na mia saba iliyopita. Waliandika kwa picha zilizochongwa kwenye mawe: kichwa cha ng'ombe, mkono, mguu, mtungi. Lugha yao ilikufa. Kwa bahati kulikuwa na ngome moja milimani ambayo mfalme wake aliandika habari zake langoni kwa lugha mbili, Kiluwi kwa picha, na Kifoinike kwa herufi. Kifoinike ni jamaa wa Kiarabu. Maalim, ambaye alikariri sarufi ya Kiarabu tangu utotoni, aliangalia upande ule wa herufi akaona maneno ambayo ni kama binamu zake. Tangu siku hiyo, alisema, hakupona.

Katika maandishi yale mfalme anajisifu. Amejenga ngome, amejaza maghala, amewashinda watu wa magharibi akawachukua na kuwapeleka mashariki, mwisho wa mipaka yake. Halafu linakuja neno. Maalim alilitamka *asanuwa*. Mbele ya neno fundi wa mawe amechora kiti, kiti cha enzi chenye mgongo, ili msomaji ajue linahusu mambo ya kukaa. Asili yake ni *as*, kukaa, na ndugu zake wamo katika Kihiti na hata Kiyunani cha kale. Ile *nuwa* ya mwisho inafanya kazi kama *-za* na *-sha* zetu tunapotoa *lala* tukapata *laza*, au *simama* tukapata *simamisha*. Kwa ufupi mfalme anasema: niliwakalisha. Niliwaweka huko.

"Basi limekwisha," nilimwambia siku aliponieleza. "Umeshalijua. Umebaki na nini?"

Alinitazama kama nimemwambia bahari imekwisha.

"Limekwisha kwa mfalme," akasema. "N'nakuuliza wewe uliyekaa kwenye mkeka wangu: ukimchukua mtu kwao, ukampeleka kusiko kwao, ukasema umemkalisha, kakaa?"

"Yuko huko, si kakaa?"

"Ndiyo hivyo. Profesa naye anasema hivyo hivyo."

Swali lake lilikuwa kama neno hilo maana yake ni kumshusha mtu mahali kama gunia, au ni kumpa mtu kiti, yaani mahali ambapo ana haki ya kukaa. Kwa nini fundi alichora kiti cha enzi kwa ajili ya mateka? Alikusanya kila mahali neno lilipotokea, na jamaa zake wote, kutoka kwenye picha za mawe alizotumiwa. Kila tokeo lilikuwa na kadi yake: picha za Kiluwi juu, tafsiri chini, na pembeni shaka zake kwa wino mwekundu. Kadi zilipokwisha alikata maboksi ya halua. Kuna kadi ukizinusa zilikuwa na harufu ya hiliki.

Msemo wake kuhusu mawe ulikuwa mmoja, na aliurudia mpaka tukausema kabla yake: "Mfalme kasema niliwaweka. Waliowekwa hawakupewa patasi."

*

Sokoni alikuwa kichekesho. Alijua Kiarabu kuliko kadhi, lakini alikisema kama kilivyoandikwa, kila neno na irabu yake ya mwisho. Muuza samaki mmoja alipomwona kwa mbali aliwaita wenzake: "Njooni, anakuja yule wa khutba!" Maalim aliuliza bei ya nguru kwa sentensi ambayo ungeweza kuisoma Ijumaa mimbarini. Muuza samaki alimjibu "Amin," na soko lote likacheka. Hakukasirika. Alirudi nyumbani akaandika namna muuza samaki alivyotamka neno la bei.

Siku zake za kwanza alialikwa kwa tajiri mmoja wa mjini aliyewafanyia wageni wa Unguja ukarimu. Kule kwetu ukimaliza kahawa unaweka kikombe chini, au unasema ahsante. Huku ukishatosheka unakitikisa kifinjani, kile kikombe kidogo, mkononi, na usipokitikisa anayemimina anajua bado unataka. Maalim hakujua. Aliona ni utovu wa adabu kumkatalia mwenyeji, akanywa. Kikajazwa. Akanywa. Anayemimina naye akaona huyu mgeni ana kiu ya safari. Mimi nilikuwa pembeni yake na mimi sijui, nakunywa kila anapokunywa. Tulifika vifinjani kumi na moja.

"Maalim," nikamnong'oneza kwa Kiswahili, "moyo unanipiga."

"Vumilia. Wanatupima."

Mzee aliyekaa upande wa pili alituonea huruma. Akanyoosha mkono, akashika kifundo cha mkono wa Maalim pamoja na kifinjani, akautikisa yeye mwenyewe kama mtu anayemwamsha mtoto. Kahawa ikakoma. Maalim akasema njiani, macho yamemtoka kwa kahawa: "Kumbe jambo lote lilikuwa kwenye kifundo. Hiyo hutaikuta kitabuni." Wiki nzima aliieleza habari hiyo kwa furaha, na kila akiieleza idadi ya vifinjani ilibaki kumi na moja. Hakuwa mtu wa kuongeza.

Alipenda pia kutueleza kisa cha mfalme wa Himyar, kule Yemen, ambaye mgeni wa kaskazini alimjia akiwa juu ya jabali. Mfalme akamwambia *thib*, na kwao ni "kaa." Kwa Waarabu wa kaskazini *thib* ni "ruka." Yule mgeni, mtiifu, akaruka akavunjika akafa. Na neno hilo la mfalme, Maalim alisema, ni jamaa wa lile la Kifoinike lililo langoni, mkabala na *asanuwa*.

Mwenzetu mmoja mkekani, fundi cherehani, akasema, "Basi sisi, yakhe, ndio tulioambiwa tukae tukaruka."

Tulicheka sana. Maalim alicheka kidogo, akageuka kuchungulia dirishani.

*

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Aliweza kungoja mwaka mzima barua ya Profesa kuhusu ncha ya herufi moja iliyomomonyoka, lakini punda wa maji akichelewa robo saa alishuka barabarani kugomba. Na akigomba aligomba kwa mbali, maana aliwaogopa punda. Alikuwa mkarimu wa chakula na wakati na vitabu, lakini kadi zake hakuna aliyeruhusiwa kuzishika. Aliwafundisha wengine subira kwa hadithi ya mgeni: mgeni humuulizi anakotoka wala anachotaka mpaka siku tatu zipite, na neno geni nalo ulilaze siku tatu kabla ya kulihoji. Lakini wakija wageni wenyewe kutoka Unguja, kabla hawajavua viatu alishawauliza: nani yuko, nani hayuko, mtaa wetu umekuwaje, mlango wetu umepakwa rangi gani.

Kadi zilikaa ndani ya mkebe wa biskuti wenye picha ya farasi wawili kifunikoni, na mkebe huo ulikuwa na hadithi. Msimuliaji wake alikuwa Bimkubwa. Hakuna mgeni aliyeingia nyumba ile asihadithiwe, na alihadithia kwa kicheko, akikata vitunguu.

"Kaniletea mikebe miwili kutoka London, sawasawa, hata kutu zao sawa. Mmoja yeye akatia mambo ya mawe yake. Mmoja mimi nikatia vitu vya mtoto."

Mtoto wao alikuwa mmoja tu, wa kike. Alifariki kwa homa akiwa na miaka minne, muda mrefu kabla ya mapinduzi. Ndani ya mkebe wa Bimkubwa mlikuwa na picha yake ya pekee, iliyopigwa studio, na gauni lake, na vikuku vyake vya miguuni vyenye njuga.

"Siku ile tunaambiwa tokeni, sasa hivi tokeni. Mimi niko chini nafunga bahasha ya nguo, yeye yuko juu. Nikampigia kelele, Maalim, usisahau mkebe! Huyoo anashuka na mkebe. Tumefika melini, nafungua nimwangalie mwanangu." Hapa Bimkubwa alinyanyua kisu. "Viti! Vichwa vya ng'ombe! Mwanamume ukimtuma mkebe atakuletea mkebe, lakini usimuulize upi."

Wageni walicheka, wanawake wakafuta macho, na Maalim alisimama mlangoni. Niliisikia hadithi ile labda mara ishirini. Sikupata kumwona akicheka wala akijitetea. Mara nyingi Bimkubwa alipofika kwenye kisu, yeye alikuwa ameshatoka kwenda kuangalia maji.

*

Makala yake kuhusu kitenzi ilikuwa tayari tangu mwaka wa sitini na sita, isipokuwa aya ya mwisho. Profesa alimwandikia mara kwa mara amalize, jarida linangoja. Niliona barua moja. Alimwambia kwa upole kwamba ushahidi umeshatosha: neno ni kuweka watu mahali, kuwapa makazi, hakuna zaidi, na kwamba msomi lazima ajue pa kuacha. Maalim aliikunja akaitia chini ya kalenda.

"Aya moja tu, Maalim," nilimwambia. "Hata mimi ningekuandikia."

"Ungeandika nini?"

"Kwamba waliwekwa."

"Na walipowekwa?"

"Wakakaa, basi."

"Umeandika neno la mfalme."

Mwaka wa sitini na tisa nilichoka na ofisi. Mimi ni mtu nisiyeweza kukaa mahali, sijui nimerithi kwa nani. Nilipata kazi ya ukarani wa shehena ndani ya meli ya mizigo iliyokuwa ikizunguka Ghuba na Bombay na mara moja moja Mombasa. Nilikwenda kuwaaga. Bimkubwa alikuwa kwa jirani. Maalim akanitaka nishuke naye mpaka ufukweni, jambo ambalo hakuwa akilifanya, maana njia ile ilikuwa ya punda.

Tulisimama karibu na forodha, jua kali, makuli wakipita na magunia ya mchele.

"Bimkubwa ana dada yake Mombasa," akasema. "Picha ya mtoto tulipiga nakala mbili. N'nadhani moja alitumiwa yeye. Ukifika kule nitafutie. Bimkubwa usimwambie mpaka uipate."

"Kwa nini hukumwandikia dada mtu miaka yote hii?"

Alivua miwani akaifuta kwa kanzu, akaivaa, ule uzi mweusi ukamning'inia shavuni.

"Ile hadithi ya mkebe," akasema. "Umeisikia."

"Nani hajaisikia?"

"Mkebe wa mtoto ulikuwa juu ya kitanda. Bimkubwa alishautoa kabatini, kauweka juu ya mto ili nisiusahau. Wa kadi ulikuwa chini ya meza, nyuma ya viatu." Akaonyesha kwa mkono, chini, kama meza ilikuwa pale mchangani. "Mimi niliinama. Unanisikia? Niliinama nikanyoosha mkono. Mtu hakosei kwa kuinama."

Niliangalia mchanga pale alipoonyesha. Nilikuwa kijana, na huyu alikuwa mwalimu wangu.

"Nilisema nitachukua yote miwili," akaendelea. "Nilipoukumbatia ule wa kadi kifuani nikasikia vishindo barabarani, nikashuka. Ule mwengine sikugeuka kuuangalia. Miaka mitano anawachekesha watu kwa kosa ambalo sikukosea, na mimi n'namwacha. Kila n'kishika kalamu kumwandikia dada yake, n'naona itabidi n'eleze kwa nini naomba."

Kisha akaniambia nichunge, punda anakuja, akasogea ukutani mpaka akapita.

*

Mombasa nilifika mara moja tu, mwanzoni mwa mwaka wa sabini. Dada mtu alikuwa amehamia Malindi. Nikaenda Malindi. Alinipa picha bila maswali mengi, kutoka ndani ya msahafu. Msichana mdogo amekalishwa juu ya kiti kikubwa cha studio, kile cha kuchonga, miguu haifiki popote, vikuku vinaonekana. Amekunja uso kwa sababu ya taa. Alikuwa na shingo ya Maalim.

Nilirudi nayo Maskati mwisho wa mwaka ule ule. Mambo yalikuwa yamebadilika. Mtawala alikuwa mwengine, malango ya mji hayakufungwa tena usiku, na kila wiki walikuja watu wetu kutoka Unguja, Dar es Salaam, Mombasa, hata Cairo, waliosoma na waliojifanya wamesoma. Shule zilikuwa zinafunguliwa na walimu hawatoshi. Maalim aliombwa kuongoza mojawapo. Leo waliopita mikononi mwake wana nyumba mitaa mipya ya Maskati, Ghubra na Madinat Sultan Qaboos, na wengine wana ofisi Khuwair, na ukiwauliza habari zake watakuambia kwanza kwamba alikuwa hakai kitini darasani.

Niliwakuta wote wawili nyumbani, baada ya alasiri. Mkeka ule ule. Kalenda pale pale chini. Maalim alipoona nimeshika bahasha alielewa, akaegemea mlango. Alinifanyia ishara kwa kidevu: mpe wewe.

"Bimkubwa," nikasema, "nna amana yako kutoka kwa dada yako."

Aliifungua mikono ikiwa na unga. Aliitazama muda mrefu. Hakulia. Alipuliza unga uliodondokea pembeni ya picha, taratibu, asiuguse kwa kidole.

"Kakunja uso," akasema. "Nilimwambia cheka, kakataa. Mkaidi kama huyu."

Halafu akasema, bila kumtazama mumewe, kama anayenihadithia mimi:

"Siku ile alipofika chini nilimpokea mkebe, yeye akabeba bahasha ya nguo. Tulikuwa bado ngazini. Mkebe wa mwanangu ukiubeba unalia, zile njuga. Nauchukua, haulii. Nikautikisa. Haulii."

Nilisikia mwimo wa mlango ukilia Maalim alipousukuma kwa mgongo.

"Ulijua ngazini?" akauliza. Sauti ilitoka ndogo.

"Nilijua ngazini. Ningesema, ungerudi juu. Na wale wenye silaha walishafika pembeni mwa mtaa, nilikuwa nawasikia." Akaifuta mikono kwenye kanga, mmoja mmoja. "Nikasema moyoni, mtoto nimeshamzika. Mume sitaki kumzika. Nikanyamaza. Melini nikajitia kushangaa. Watu wakacheka, nikaona bora wacheke."

"Mimi siku ile siku..." Maalim alianza. "Ule mkebe sikuukose..."

"Ulikuwa kwenye mto," Bimkubwa akasema. "Nimeuweka mwenyewe. Najua."

Chini mwenye nyumba alikuwa anagombana na mtu wa maji kwa Kibaluchi. Nilifikiri niondoke, lakini viatu vyangu vilikuwa upande wa pili wa Maalim, na Maalim alikuwa amejaa mlango mzima.

Bimkubwa alinyanyuka. Alizungusha macho chumba kizima, kuta zote nne, kama mtu aliyeingia leo kukodi. Akaenda ukuta wa kibla, karibu na dirisha, akaiweka picha pale kwa kiganja, akairudisha nyuma shingo kuitazama.

"Katafute msumari," akamwambia mumewe.

"Nyumba ya watu..."

"Maalim. Msumari."

Akashuka. Nilimsikia akimsemesha mwenye nyumba kile Kiarabu chake cha mimbari, na mzee wa watu akimjibu "Amin" kabla hajaelewa anaombwa nini, kisha akacheka kwa sauti. Alirudi na misumari mitatu na jiwe, maana nyundo haikupatikana. Wa kwanza ulipinda. Ukuta ule ulikuwa wa mawe, na Maalim hakuwa amepiga msumari tangu atoke Unguja. Wa pili uliruka ukapotelea chini ya sanduku.

"Nipe mimi," nikasema.

"Mwache," akasema Bimkubwa.

Wa tatu uliingia. Chokaa ilimdondokea kwenye miwani. Bimkubwa alimpa picha, naye akaitundika kwa uzi mweusi alioufungua kwenye miwani yake, kwa kuwa uzi mwengine haukuwepo. Akabaki ameishika miwani kwa mkono mmoja.

"Kushoto kidogo," akasema mkewe. "Zaidi. Hapo. Iache hapo."

Maalim alirudi nyuma hatua mbili kuiangalia, kisigino kikagonga sanduku, akakaa juu yake, juu ya kanzu zake na kofia, na hakunyanyuka. Aliniomba nimpe kadi kutoka kwenye mkebe, mara ya kwanza kuniruhusu kuugusa. Nikampa moja tupu. Aliandika mstari mmoja wa ile aya iliyobaki kwa wino mwekundu, akafuta, akaandika tena, uso karibu ugonge karatasi kwa kukosa miwani, na Bimkubwa akamwambia aandike upesi, unga unakauka na mgeni hajala.